Wasiwasi wa Kiwiko

Alikuwa amefika kwenye kiwiko cha kulia kwa mara ya nne. Aliinamisha chupa, akayaongoza maji kwa kiganja kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko, kisha akaugeuza mkono kwenye jua aone kama kuna mahali palipobaki pakavu. Hapakuwa na mahali pakavu. Mkono mzima uling'aa. Lakini moyo wake ulikataa katakata, akarudi tena vidoleni.

"Huo mkono utachujuka rangi," alisema msichana mmoja aliyekuwa ameshamaliza kutawadha.

"Niache. Nahisi kiwiko hakijapata maji."

"Kiwiko chako kimekunywa maji ya watu watano."

Wenzao wakacheka chini chini. Hapo kwenye chuo cha dini waliizoea kazi yake, na ndiyo maana walimwita Tatutatu. Kila kiungo cha udhu alikiosha mara tatu kamili, hata asubuhi za baridi. Jina hilo halikumuudhi. Kwa kweli lilimpendeza. Mwalimu alikuwa amemchagua yeye, katika wasichana kumi na tisa, awaonyeshe watoto wadogo namna ya kutawadha, na siku yenyewe ilikuwa leo, baada ya sala ya adhuhuri.

"Hata jina sasa limepitwa," alisema yule msichana. "Si Tatutatu tena. Ni Sitasita."

Safari hii walicheka kwa sauti, na Tatutatu akajimwagia maji mguuni badala ya mkononi.

Maji yenyewe hayakuwa ya kumwaga. Siku hizo bomba la mtaa lilitoa maji mara mbili tu kwa wiki, Alhamisi na Jumapili, na tangi la chuo lilikuwa tupu kabisa. Kila mwanafunzi alikuja na chupa ya maji kutoka kwao. Wengi walitawadha kwa nusu chupa, wakanywa iliyobaki. Tatutatu alikuja na chupa mbili, na sasa ya pili ilikuwa inakaribia kwisha.

Ugonjwa huu ulimwanza Alhamisi jioni. Kwanza alidhani kisigino hakijalowa. Baadaye akasahau kama ameosha uso. Ijumaa alirudia udhu mara nyingi hata mama yake akamwuliza kama kuna nguo anazofua huko uani. Na akisimama kusali, hakujua kama yuko rakaa ya pili au ya tatu. Alikuwa kama mtu aliyetoka nyumbani akaacha moto jikoni. Mwili uko hapa, roho iko kule.

Mwalimu alikuja akachuchumaa karibu naye. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye kusema taratibu kama anayepanga vikombe vya udongo.

"Mwanangu, umefika wapi?"

"Kwenye kiwiko, mwalimu."

"Nilipopita mwanzo ulikuwa kwenye kiwiko. Nimekwenda kutandika mikeka, nimerudi, bado uko kwenye kiwiko."

"Nina wasiwasi, mwalimu. Naosha, na maji nayaona, lakini roho haitulii."

Mwalimu hakumcheka. "Wasiwasi huo naujua. Uliwahi kunishika nikiwa msichana kama wewe, na dawa yake ni kuupuuza. Ukiona maji yamefika, yamefika. Unafunga chupa, unakwenda kusali. Umejaribu?"

"Nimejaribu siku mbili."

"Hauondoki?"

"Unazidi."

Mwalimu aliutazama ule mkono uliolowa. "Basi huenda haukai kwenye kiwiko. Ulianza lini?"

Lilikuwa swali dogo tu, lakini Tatutatu aliacha kumimina maji. Alijua siku. Alijua hata saa.

Alhamisi hiyo, baada ya sala ya alfajiri, alikuwa amechelewa kwenda bombani. Alipofika, foleni ya madumu ilikuwa imepita duka la kinyozi. Karibu na mbele yalikuwepo madumu manne yaliyofungwa vitambaa vya buluu. Yalikuwa ya Bi Dobi, mama mtu mzima aliyefua mashuka ya zahanati. Aliyeyalinda alikuwa Pengo, msichana wa rika lake, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya jino la mbele lililotoka na halikurudi. Ila wakati huo Pengo alikuwa amesogea pembeni kumtwika mama mmoja mjamzito ndoo yake.

Tatutatu alitazama huku na huku. Wenye madumu mengine walikuwa wamekaa kivulini wakipiga soga. Kisha, kwa mikono, akayasukuma yale madumu manne moja moja mpaka nyuma, na mahali pao akaweka mawili yake. Alijiambia kwamba maji yake ni ya udhu, na ya Bi Dobi ni ya nguo chafu, na kwamba ibada haiwezi kungoja nyuma ya nguo chafu. Wakati ule hoja hiyo ilionekana nzuri sana. Alijaza, akajitwika la kwanza. Aliporudi kuchukua la pili, bomba lilikohoa mara mbili, likanyamaza. Madumu ya Bi Dobi hayakupata hata tone.

Bi Dobi alipofika, alishika kiuno. "Haya madumu yangu yameota miguu?"

Pengo alibabaika. Alijua kwamba aliacha zamu yake, hakujua jingine. Ndipo Bi Dobi akamgeukia Tatutatu. "Wewe ni mtoto wa sala, hutanidanganya. Umemwona aliyeyasogeza?"

"Sikuona, bibi."

Maneno mawili tu. Kwa maneno hayo mawili Pengo aliambiwa asikanyage tena uani kwa Bi Dobi, mahali alipokuwa akijifunza kupiga pasi kwa miezi mitatu.

Yote hayo Tatutatu alimwambia mwalimu huku akiizungusha chupa mikononi. Alipomaliza, aliuliza jambo lililokuwa likimkera kuliko yote. "Mwalimu, udhu wangu wa siku hizi umekubaliwa?"

"Hilo sina kopo la kulipimia," mwalimu alisema. "Ninalolijua ni hili. Kuna haki ya Mungu na kuna haki ya mja. Ukikosea katika haki ya Mungu, unamwomba msamaha hapo hapo ulipo, naye anakusikia. Huhitaji hata kusimama. Haki ya mja lazima umfuate mwenyewe. Na huyu wako anakaa nyuma ya zahanati, kwa hiyo itabidi utembee."

"Niende sasa hivi? Niache sala?"

"Sala inaingiaje hapo? Ukingoja uwe mwema wa kila kitu ndipo usali, hutasali maisha. Funga chupa, uingie kwenye safu. Ukitoka hapo, nenda."

"Na watoto wadogo wanaonisubiri?"

"Watasubiri wiki moja. Hawana pa kwenda, mama zao wamefurahi kupumzika."

Tatutatu alisali, akatoka bila kungoja wenzake. Alimkuta mama yake ameketi mlangoni akishona kifungo cha sare yake ya kazi. Alimweleza akiwa amesimama, maana kukaa alishindwa. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Yale maji yamebaki kiasi gani?"

"Dumu moja na nusu."

"Peleka yote."

"Na sisi, mama?"

"Ya kunywa tunayo mtungini. Kuoga tutaoga kesho Mungu akipenda. Na ukaseme mwenyewe, mimi sikusindikizi."

Aliazima toroli kwa jirani, akapakia madumu mawili, moja limejaa na jingine nusu. Njia nzima toroli lilipiga kelele, naye aliona kama linamsema kwa watu. Alipita kwanza kwa akina Pengo.

"Twende kwa Bi Dobi," alisema bila hata salamu.

Pengo alikunja uso. "Amenikataza. Umesahau?"

"Ndiyo maana nimekuja kukuchukua."

Pengo aliyatazama madumu, akamtazama mwenzake machoni. Halafu akashika mkono mmoja wa toroli.

Uani kwa Bi Dobi kamba zilikuwa tupu. Beseni kubwa lilijaa mashuka ya zahanati, yamelala makavu kama yalivyoletwa. Pasi ya mkaa ilikuwa baridi. Bi Dobi mwenyewe alikaa kwenye kigoda akichambua vibanio vya nguo, vizima huku na vibovu kule, kazi ya mtu aliyekosa kazi.

"Shikamoo, bibi," walisema kwa pamoja.

"Marahaba." Alimwona Pengo, midomo ikabana. "Wewe nilikwambiaje?"

"Nimemleta mimi, bibi," Tatutatu alisema. "Madumu yako Alhamisi hayakuota miguu. Niliyasukuma mimi. Nikaweka yangu. Na uliponiuliza nikasema sikuona."

Bi Dobi aliweka kibanio chini.

"Ulikuwa unataka maji ya nini?"

"Ya kutawadhia, bibi."

"Ya kutawadhia." Bi Dobi alilirudia neno hilo polepole kama anayelionja. "Jana, hapo zahanati, kuna mama amejifungua akalazwa juu ya plastiki tupu, yeye na kichanga chake, kwa sababu shuka hakuna. Muuguzi akaja hapa, akaniuliza, 'Bi Dobi, umezeeka?' Na huyu mtoto," alimnyooshea Pengo kidole, "nikamfukuza, kumbe kosa lake ni kumtwika mtu ndoo."

Tatutatu alitaka kulia, lakini hata machozi yaliona aibu kutoka. "Nimeleta maji yaliyobaki. Ni dumu moja na nusu. Naomba unisamehe. Na wewe pia, Pengo, nisamehe."

"Mimi nikishaanika ndipo tutazungumza habari ya msamaha," Bi Dobi alisema akiinuka. "Vaeni glavu za mpira, ziko msumarini. Pengo, mwanangu, njoo kwanza huku." Akamshika Pengo bega, akamwambia jambo kwa sauti ya chini. Tatutatu hakulisikia, ila aliona lile pengo likitokeza kwenye tabasamu.

Maji ya dumu moja na nusu hayatoshi mashuka kumi na nane. Bi Dobi alihesabu matano ya kuanzia, yaliyotakiwa kwanza kwenye wodi ya wazazi. Aliwaonyesha namna ya kuyatumia maji bila kupoteza. Yanayosuza la kwanza kwa mara ya mwisho bado ni masafi, basi yanatumika kusuza la pili kwa mara ya mwanzo, na hivyo hivyo mpaka la tano.

"Kila shuka linasuzwa mara ngapi, bibi?" Tatutatu aliuliza.

"Mara tatu. Sabuni ikibaki inamwasha mtoto."

Pengo alishindwa kujizuia. "Bibi, hapo umempata fundi wake."

Walifua, wakakamua wawili wawili, mmoja huku na mwingine kule. Mikono ya Tatutatu iliuma, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alisahau kuitazama kama imelowa. Walipoanika la tano, adhana ya alasiri ilisikika. Bi Dobi alimpa kopo moja la maji, lisilojaa.

"Hilo tu ndilo lililopo. Osha mara moja moja, inatosha."

Alitawadha uso. Alitawadha mkono wa kulia mpaka kiwiko, mkono ukataka kurudi vidoleni wenyewe kwa mazoea. Aliusimamisha. Alingoja ule wasiwasi uje. Ulikuja kidogo, ukachungulia, haukupata pa kukaa. Akaenda kwenye mkono wa kushoto.

Walisali watatu kwenye mkeka mmoja chini ya mashuka yaliyodondosha maji. Rakaa zake alizihesabu zote, nne.

Walipomaliza, Bi Dobi aliikamata mikono ya Tatutatu, akaigeuza geuza kama anavyokagua nguo kabla ya kumrudishia mwenyewe. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa jasho la glavu.

"Nimekusamehe," alisema. "Pengo yeye ana mdomo wake, atakujibu."

"Nitamsamehe akinifundisha kusoma sura ndefu," Pengo alisema. "Lakini jina la Sitasita litabaki. Nimelisikia leo kwa jirani anayesoma chuo chenu."

"Na sasa nikwambie jambo, uliweke moyoni, mjukuu wangu," Bi Dobi aliendelea, bado ameishika ile mikono. "Mungu hakukupa mikono minne, miwili ya kutawadha na miwili ya kudhulumia. Ni hii hii. Unayoinyoosha kwenye sala ndiyo uliyoiweka kwenye dumu la mtu. Udhu wako ni mzuri, usiuharakishe, mimi napenda mtoto anayesali kwa utulivu. Ila ukitoka kwenye mkeka wa sala, toka nao. Uende nao bombani, uende nao sokoni, na mtu akikuuliza ulichokiona, umjibu nao."

"Nimesikia, bibi."

"Haya. Kumi na matatu yamebaki, na maji hakuna. Yafunikeni hayo yasiingie vumbi."

Waliyafunika mashuka makavu kwa gunia safi. Kesho ilikuwa Jumapili, na bomba lingefunguliwa asubuhi. Walikubaliana kwamba Pengo atakuja kuwasha pasi kwa yale matano, na Tatutatu atakwenda bombani na madumu ya Bi Dobi, ayapange mahali pake halali kwenye foleni. Ya kwao atayaweka nyuma kabisa, popote foleni itakapoishia.

Kabla hajaondoka, alipanga yale madumu manne karibu na mlango wa ua. Kitambaa cha dumu la nne kilikuwa kimelegea. Alipiga magoti, akakifunga upya, akavuta fundo mara moja, na alipoona limeshika, akasimama.