Cha Nani Hiki?

Miwani ya mke wangu ilikuwa tayari, na jioni ile tukatoka kwenda kuichukua. Hatukuwa na safari nyingine. Fundi wa miwani ana duka dogo nyuma ya mtaa wa washonaji, naye hufunga jua linapozama, kwa hiyo tulitembea upesi kadiri magoti yetu yalivyoruhusu. Mke wangu alikuwa mshonaji maisha yake yote, na kwa muda mrefu alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha. Alipoivaa ile miwani, akanigeukia na kunitazama usoni.

"Mzee," akasema, "kumbe umezeeka hivi, na hakuna aliyeniambia!"

Fundi alicheka mpaka akashika meza.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mkahawa wa Wanigeria. Ulikuwa na mlango wa buluu, meza chache na taa za rangi. Muziki wa kwao ulipigwa kwa nguvu, ngoma juu ya ngoma, hata vioo vya dirisha vikatetemeka. Harufu ya pilipili na samaki wa kuchoma ilitufuata mpaka upande wetu. Mimi si mtu wa kelele. Nilifanya kazi posta, kaunta ya vifurushi, tangu ujana hadi kustaafu, na saa niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kufunga, jengo linaponyamaza. Nilimshika mke wangu mkono twende nyumbani.

"Leo sipiki," akasema. "Nimepata macho mapya, nataka kuona kitu kipya. Au unaogopa pilipili?"

"Siogopi."

"Basi tangulia, shujaa."

Mwenye mkahawa alitupokea mlangoni. Alikuwa mama mnene, mwenye kilemba kirefu, na wote walimwita Madam. Nikanyoosha mkono nijitambulishe jinsi nilivyofundishwa. Walimu wetu wa shule, Wazungu, walituchapa kwa herufi moja tu iliyokosewa katika jina la mtu, na posta nikajifunza mwenyewe kwamba jina likikosewa, kifurushi humwendea mwingine. Ndiyo maana mimi hutaja jina langu lote: langu, la baba, la babu. Lakini Madam alinibana mkono kabla sijafungua kinywa.

"Hapana, Baba. Humu hatutaji majina. Kazi yako ilikuwa nini?"

"Posta."

"Posta!" akapaza sauti, na wapishi wakaitikia kutoka jikoni, "Posta!" Mke wangu akaitwa Bibi Miwani. Akafurahi kama mtoto aliyevishwa nguo mpya.

Tuliketi karibu na ukuta wa jikoni. Katika ukuta ule kulikuwa na vidirisha viwili vya kupitishia chakula. Kimoja kilikuwa na mwanga na moshi, na sahani zilitoka mfululizo. Cha pili, kilichokuwa kando ya meza yetu, kilikuwa giza. Kilizibwa kwa ubao uliobanwa na kabati la soda. Sikukitilia maanani.

Jirani yetu wa meza alikuwa dereva wa lori waliyemwita Breki. Nikamwambia kwamba sipendi kufichwa jina langu kama mwizi. "Jina jema hung'ara gizani," nikasema.

Breki akaacha kutafuna.

"Ndiyo ubaya wake, Mzee," akasema. "Linang'ara."

Kisha akacheka, na mke wangu akacheka, na chakula chetu kikaja. Wali ulikuwa mwekundu, samaki ana pilipili ya kumtoa mtu machozi. Mke wangu alikula huku akipunga kitambaa usoni. Alisema tumbo lake limefufuka. Watu waliimba, walipiga makofi, walitaniana kwa lugha ambazo sizijui. Nakiri nilianza kupapenda.

Ndipo umeme ukakatika.

Sikuwahi kuona watu wakifanya vile. Hakuna aliyelalamika, hakuna aliyewasha kibiriti. Papo hapo, gizani, kila mtu alishika kijiko akaanza kupiga meza. Walipiga na kuimba kwa sauti za juu, kama watu wanaofukuza nyuki. Madam alipita mbio kwenda uani kuwasha jenereta. Mke wangu akakamata uma, naye akagonga, akicheka. Mimi sikugonga. Niliona ni upuuzi.

Taa zikapepesa. Zikawaka. Watu wakashusha vijiko, wakavuta pumzi...

Taa zikazimika tena.

Katika ukimya ule mfupi, nilisikia ubao ukikwaruza. Kando ya sikio langu, kutoka kile kidirisha cha pili, sauti ikauliza. Ilikuwa sauti ya adabu, iliyochoka, kama ya karani.

"Cha nani hiki?"

Mke wangu alinisikia nikiuliza maneno hayo kaunta ya posta miaka yote ya ndoa yetu, na aliniigiza kila alipotaka kuwachekesha wageni. Giza lile lilimpa nafasi. Alikaza sauti, akasafisha koo kama ninavyosafisha mimi, akajibu kwa niaba yangu. Alitaja jina langu lote. Langu, la baba, la babu.

Hakuna aliyecheka.

Sauti ile ikalirudia jina langu, taratibu, bila kukosea hata herufi moja. Kisha ikasema, "Ahsante."

Jenereta likanguruma, taa zikawaka. Ubao ulikuwa umesogea kando. Mbele yangu palikuwa na sahani nyeupe iliyojaa wali. Sikuona mkono ulioileta. Wali ule haukutoa mvuke, na harufu yake niliijua. Posta tulikuwa na rafu ya barua ambazo wenyewe walikufa kabla hazijawafikia. Zilikaa pale mpaka zikaota ukungu. Harufu ilikuwa ile ile.

Madam alisimama juu yetu, jasho likimtiririka.

"Nani amesema?" akanong'ona. "Nani ametaja?"

"Nilikuwa natania tu," akasema mke wangu.

"Sahani isirudi imejaa. Ikirudi imejaa, wataileta wenyewe nyumbani."

"Wao nani?" nikauliza.

Madam aliitazama sahani. Nikashika kijiko. Chakula kilikuwa changu, kimetajwa kwa jina langu, na sikuona sababu ya mtu mwingine kukibeba. Mke wangu alinipokonya kijiko.

"Mdomo huponza kichwa," akasema. "Mdomo ulikuwa wangu, Mzee. Basi na kichwa kiwe changu."

Nilimvuta mkono. Alinitazama kwa ile miwani mpya, akatabasamu, akala. Alikula wali wote. Alipomaliza alisema haukuwa na ladha yoyote, hata ya chumvi.

Asubuhi iliyofuata jirani alipita akanisalimu kwa jina, kama kawaida yake. Kabla sijaitikia, sauti ikatoka chumbani.

"Naam!"

Alikuwa mke wangu. Tulicheka, mimi na jirani. Mchana nikamwita kwa jina lake anisaidie kutafuta kofia. Hakugeuka. Nikaita tena, nikakaribia, nikamgusa bega. Akanitazama kama mtu aliyeguswa na mgeni sokoni.

Tulipokwenda kwa daktari, akaulizwa jina. Akataja langu, lote, kwa sauti yangu. Daktari akatabasamu, akanitazama mimi. Mke wangu hakuwa anatania tena.

Aliendelea kushona, maana mikono ilikuwa haijasahau. Lakini wateja walianza kurudisha nguo. Magauni yalikuwa yameshonwa vizuri, pindo limenyooka, mishono imebana... ila hayakuwa na tundu la shingo. Aliyaziba yote. Nilipomuuliza, alisema, "Aliyeagiza hana haja ya kutoa kichwa."

Na kila magharibi, mlango uligongwa.

Haukugongwa kwa nguvu. Ni vile mtu anavyogonga kaunta kwa kidole, akisubiri kuhudumiwa. Kisha sauti ile ya adabu iliita jina langu. Nilikaza kinywa. Lakini kila mara, kutoka kitandani, mke wangu aliitika, "Naam, nipo." Na kila alipoitika, kitu kilimtoka. Mashavu yalibonyea. Nywele zilipauka. Pete ya ndoa ilidondoka kidoleni, nikaifunga kwa uzi wake mwenyewe shingoni pake. Daktari alipima damu, akapima mapafu, akasema haoni ugonjwa.

Nami siku zile watu waliponiita nilichelewa kugeuka. Nikadhani ni masikio ya uzee.

Madam alikuja kumwona, na sufuria ya mchuzi mikononi. Mke wangu hakuugusa. Tukaketi ukumbini, na Madam akazungumza akiitazama sakafu.

"Nilipopanga nyumba ile, kidirisha kilikuwa kimepigwa misumari. Nikadhani ni uchakavu. Nikang'oa misumari mwenyewe, Baba, kwa mkono huu."

"Mle ndani mna nini?"

"Sijui. Nyuma yake hakuna chumba; jiko linaishia kabla ya hapo. Nimepiga ukuta kwa nje, ni ukuta tu. Wanaouliza ni wengi au ni mmoja, sijui. Ninachojua, pakiwa na kelele hawasikii. Ndiyo maana muziki wangu hauzimwi. Watu wanasema Madam anapenda sherehe." Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Sijalala usingizi tangu nifungue."

"Si uhame?"

"Nilifunga juma moja. Wakaanza kuuliza barabarani."

Akatazama mlangoni. Kisha akanishika mkono, akanong'ona.

"Alikula kwa jina lako. Jina lako wamekwisha kulichukua, na mtu wako wanamchukua kidogo kidogo, kwa sababu hawana lake. Unanielewa? Lake hawajalipata. Usimwite kwa jina lake, hasa jioni. Mwite mama, mwite mpenzi, mwite Bibi Miwani. Lake lisitajwe kabisa."

Nilishika onyo hilo. Nilimwita mama. Nilimwita mshonaji wangu. Nilileta redio tatu za kuazima nikazifungua zote kwa pamoja, mimi nisiyependa kelele, na magharibi niligonga sufuria kwa mwiko mpaka majirani wakasema uzee umenipanda kichwani. Na kweli mgongaji hakusikika. Mke wangu alikunywa uji. Siku mbili alikunywa uji, na nikaanza kuamini.

Jioni ya tatu, redio zikiwa zinapiga, aliniashiria nisogee. Sauti yake haikufika masikioni. Nikaweka sikio kinywani pake. Sikusikia. Midomo yake ilitetemeka, macho yamejaa hofu ya mtoto aliyepotea. Nikazima redio. Nilitaka dakika moja tu.

"Bwana," akanong'ona, "samahani... Mimi ni nani?"

Nikamwambia yeye ni mke wangu.

"Najua mke. Mke ni nani?"

"Bibi Miwani."

Akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka, yakashuka chini ya miwani. "Nitakwendaje," akasema, "bila kujua ni nani anayekwenda?"

Ningeweza kuwasha redio. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe. Lakini maisha yangu yote sikuwahi kuruhusu kitu kiondoke bila jina la mwenyewe. Niliinama sikioni pake, nikalisema kwa pumzi, polepole, kama lilivyoandikwa siku aliyozaliwa. Lake, la baba yake, la babu yake.

Uso wake ukafunguka. Akatabasamu lile tabasamu la duka la miwani.

"Ndiyo," akasema. "Ndiye mimi."

Dirisha lilikuwa wazi. Sikuwa nimelifunga, kwa sababu ya joto.

"Ahsante," ikasema sauti, nje.

Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu, kisha ukawa kitu kingine, kama glavu tupu.

Tangu tumzike, kila jioni nakwenda mkahawani. Madam hanidai, wala hanitazami usoni. Naketi meza ile ile, karibu na kidirisha cha pili. Wamekipigilia mbao mpya, lakini mbao hulegea. Breki hunisogezea kijiko, nami sigongi. Nilikuwa nikingoja.

Juzi umeme ulikatika. Vijiko vikaanza, nyimbo zikaanza. Nikaegemeza kichwa ukutani, sikio kwenye ubao. Chini ya kelele zile nilisikia mtu akisafisha koo kwa kuigiza, vile ninavyosafisha mimi. Kisha sauti ya mke wangu, ya utani, ikauliza kutoka ndani.

"Cha nani hiki?"

Nikasimama. Sikuogopa. Nilijua atakayejibu atachukuliwa kwenda upande gani, na upande ule ndiko aliko yeye. Breki alinivuta shati, nikamsukuma. Nikashika ubao kwa mikono miwili, nikasafisha koo, nikafungua kinywa nitaje jina langu. Langu, la baba, la babu.

La babu nililipata. La baba nililipata.

Langu halikuwapo.

Nilisimama pale, kinywa wazi, nikilitafuta. Sauti ikauliza tena, bila utani safari hii, kama mtu anayemwuliza mgeni. Kisha nikasikia sahani ikirudishwa ndani, na ubao ukajifunga wenyewe.

Taa zikawaka. Madam akapiga kelele kuelekea jikoni, "Posta, samaki mmoja!" Wakaitikia, "Posta!" Nikaketi, nikala.