Alama ya Kijivu Kwenye Tuta

Kila asubuhi Tirza huenda shule kwa baiskeli juu ya tuta linalozuia maji ya mto Waal, nchini Uholanzi, akishindana na binamu yake Stijn na upepo. Siku ile hakuna aliyeendesha. Mto ulikuwa umefurika, maji yako juu kuliko madirisha ya nyumba zilizo chini ya tuta, na nyumba ya kina Tirza ilikuwa mojawapo. Shule nzima ilitoka kuwasaidia walinzi wa tuta.

Watoto walipewa vipande vya tuta vya kukagua, upande wa nyumba, wawili wawili, kila mmoja na simu yenye ramani ya kijiji. Mahali salama unaweka alama ya kijani, penye hatari nyekundu, usipopaona kijivu. Bi Annelies, mkuu wa walinzi, alikuwa na watu wachache na gari moja la mifuko ya mchanga. Ramani ile ndiyo iliyomwambia aende wapi.

Darasa la saba lilishindana na la nane, darasa la kina Tirza, nani atamaliza kwanza. Kijani kilienea kwenye simu, kelele zikasikika tuta zima, na Tirza alifurahi mpaka akasahau baridi. Kisha yeye na Stijn wakafika penye marobota ya nyasi ya mfugaji mmoja wa kondoo, yamepangwa hadi ukingoni mwa tuta.

"Weka kijani twende!" Stijn alisema. "Wanatupita hao!"

"Nyuma ya marobota hatujapaona."

"Wewe nawe! Kuna nini huko, nyangumi?"

Tirza alicheka, lakini akabonyeza kijivu. Hapo hapo simu ikaanza kulia kwa ujumbe. "Darasa la nane, nani kalala?" mmoja aliandika. "Tirza anaogopa kondoo!" akaongeza mwingine. Uso ulimwaka kwa aibu. Kidole kilimwasha aibadilishe ile alama, ila akajizuia. Sijaona ni sijaona.

Mara gari likaja mbio. Bi Annelies akaruka chini. "Nani kaweka kijivu hapa?"

"Mimi, Bi," Tirza alijibu, akingoja kukaripiwa.

"Haya, sogezeni marobota!"

Nyuma ya marobota maji yalikuwa yakibubujika kutoka ardhini, yakitapika mchanga. "Tuta linaliwa kwa chini!" Bi Annelies alipiga kelele. "Leteni mifuko!" Watu walikuja wakikimbia, wakapokezana mifuko mkono kwa mkono, wakaizungushia chemchemi ile mpaka maji yakatoka safi, bila mchanga. Vifijo vilipanda! Stijn alirukaruka kwenye tope akaanguka chali.

Baadaye, ukumbini, wakinywa supu ya njegere, Stijn aliuliza, "Bi, mlijuaje mje pale?"

"Sikujua. Penye kijani sikwenda, nilikimbilia kijivu. Mngekisia, ningewapita." Aliwageukia watoto wote. "Wakati wa hatari tunaazimana macho. Mmoja akidanganya kidogo tu, macho ya wote hayafai. Anayethubutu kusema 'sijaona' ndiye nitakayemwamini akisema 'nimeona.'"

Stijn akainamia simu yake, masikio mekundu. Kwenye ramani, alama moja ya kijani ikageuka kijivu. Halafu nyingine, upande wa darasa la saba. Halafu nyingine tena.

Bi Annelies alitazama, akaweka bakuli chini, akacheka kwa sauti. "Sasa hii ndiyo ramani ninayoiamini! Vaeni mabuti, tukapaone!"