Mke wa Nakonde Ambaye Hakuna Aliyemwona

"Mama Ikupa, mimi siyo mtu wa maneno. Lakini mkweo ana mke Nakonde."

Nilikuwa napepeta maharage sokoni Tunduma. Ungo ukasimama wenyewe mikononi.

"Mkwe gani, Zakia?"

"Kwani una wakwe wangapi? Kefa! Yule wa Fuso ya kijani, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, asiyekula vitunguu. Ana mke ng'ambo na watoto wawili. Nyumba ya mlango wa bluu, nyuma ya maghala ya mahindi."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu, shoga yangu! Saluni wanasema, kwenye mashine ya kusaga wanasema. Nimekaa nayo siku tatu, tumbo limenijaa."

Zakia anauza vitenge meza ya pili kutoka kwangu. Nikamwambia aende zake na vitenge vyake. Lakini neno lilishaingia. Nakonde siyo mbali, ukivuka geti la mpaka umeshafika Zambia. Nikawa najiuliza, mtu akitaka kuficha mke, atamficha hapo pua na mdomo? Halafu najijibu, kwa nini asimfiche hapo, kama kila siku anavuka na gari?

Jumapili mwanakwaya mwenzangu akanishika mkono nje ya kanisa. "Pole na ya mkweo." Jumanne mtu wa bodaboda akaniambia hivyo hivyo. Fuso ya kijani, kovu, vitunguu, mlango wa bluu. Nikasema uongo wa watu watatu ungetofautiana. Huu haukutofautiana hata kidogo.

Na muda ulikuwa umekwisha. Huo ulikuwa mwaka 2013. Mzee Anania, mshenga wa akina Kefa, alishaleta barua ya posa kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, na tulishaijibu. Mume wangu Osea, aliyeko shambani kwetu Mbozi, alishasema harusi iwe Oktoba, kahawa ikishauzwa. Ikupa ndiye binti yetu pekee.

Ikupa alikuwa anafanya kazi duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Pembeni alikuwa anaandika makala za mtandaoni, kwenye blogu ya kijana mmoja wa Mbeya anayeitwa Aziz. Kazi yake ilikuwa kuandika kitu ambacho watu wakiona kichwa tu lazima wafungue. Wakifungua wengi, Aziz anafurahi. Wakifungua wachache, Aziz anapiga simu. Basi jioni tukichambua maharage mtoto ananiuliza, "Mama, huna kisa?" Nami namsimulia ya zamani, enzi nilipokuwa nawauzia madereva wali. Nilidhani ni mazungumzo ya mama na mwanawe.

Jioni ile ya Jumanne nikamwita.

"Ikupa, kaa hapa."

"Nina makala ya kumalizia, mama."

"Itasubiri. Kefa ana mke?"

Akaweka simu chini.

"Nani... nani kakwambia?"

"Nijibu, usiniulize."

"Mama, sijui. Nilikuwa najua hana. Sasa hivi sijui."

"Ulikuwa unajua, sasa hujui! Ndiyo lugha gani hiyo?"

"Nimesoma mtandaoni. Watu sitini na tatu wameandika. Mmoja anasema anamjua huyo mke, anauza mandazi. Mwingine anasema alicheza kwenye harusi yao."

"Sitini na tatu!"

"Na majina yao, mama. Na picha zao."

Akaanza kulia. Mimi sikumuuliza hao watu walikuwa wanajibu habari gani, wala nani aliyeiandika. Nilisikia idadi, nikatosheka. Hilo lilikuwa kosa langu, na hadi leo linaniuma.

Nikampigia Kefa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Galula, napakia mpunga."

"Kefa, Nakonde una nani?"

Akacheka. "Nakonde nina fundi wa springi, mama. Anaitwa Uledi."

"Mlango wake ni wa bluu?"

"Mlango? Sijawahi kuangalia mlango. Kuna nini, mama?"

"Unacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu..."

Simu ikakatika. Mtandao wa Galula naujua ulivyo, lakini siku hiyo nilisema amekata. Baadaye ukaingia ujumbe:

"Mama samahani mtandao huku unasumbua. Sijaelewa swali. Mlango upi? Ikupa hapokei simu zangu. Nimekosa nini?"

Niliusoma mara nne. Mtu asiye na kosa anaulizaje amekosa nini? Lakini asiye na kosa ndiye hasa angeuliza. Na mwenye kosa naye angeuliza vile vile. Nikazima simu, kichwa kinaniuma.

Kesho yake nikamuuliza Osea kwa simu tufanye nini, akasema, "Mimi niko kwenye kahawa, wewe ndiye uko huko." Nikamwita Mzee Anania. Akakaa, akaiona sahani mezani, barua imo ndani.

"Mnairudisha kwa sababu gani? Nikaseme nini kule?"

"Kaseme tumeghairi."

"Kughairi kuna sababu, mama Ikupa."

"Sababu wanayo wenyewe. Iko Nakonde."

"Umemwona huyo mwanamke?"

"Tunduma nzima inamjua."

"Sijakuuliza Tunduma. Nimekuuliza wewe."

Nikaisogeza sahani kwake. Naye akafunika sahani kwa kitambaa kile kile, pole pole.

"Miaka thelathini nafanya ushenga, barua imerudi mara moja tu. Na mara hiyo bwana harusi alikuwa amefariki."

Akaondoka. Ikupa alikuwa chumbani na mlango kaufunga. Siku tatu mtoto anakula ugali kama anameza dawa. Ya nne nikashindwa. Nikamwambia Zakia, "Twende Nakonde. Nataka nimwone huyo mwanamke kwa macho, roho itulie." Zakia alikuwa ameshavaa viatu kabla sijamaliza.

Nyuma ya maghala tukakuta milango ya bluu kila upande. Mmoja ulikuwa na mwanamke nje, anakaanga mandazi. Zakia akanifinya.

"Mwapoleni, mayo," yule mwanamke akatusalimu kwa Kibemba, akaniita mama. Kisha akaendelea kwa Kiswahili kizuri tu. "Karibuni, ya moto haya."

"Asante mwanangu. Tunamtafuta mke wa dereva mmoja, Kefa, mwenye Fuso ya kijani."

Akaweka mwiko chini.

"Awe, mayo! Hapana! Nyie ni wa nne wiki hii! Wa kwanza aliniuliza kama ni mimi, na mume wangu kasimama hapa hapa!"

"Kwani siyo wewe?"

"Mimi ni Rozi, mume wangu ni Gibson, anauza betri, yule pale. Gibson! Nyanyua mkono, wamekuja wengine!"

Gibson akanyanyua mkono bila hata kugeuka. Inaonekana alishazoea.

"Sasa haya maneno yametoka wapi?" nikauliza.

"Kwenye simu. Wewe hujasoma?"

Akafuta mikono, akafungua, akampa Zakia kwa sababu mimi miwani nilikuwa nimeiacha. Zakia akasoma kwa sauti, watu wa mandazi wanasikiliza:

"'Ana mchumba Tunduma, ana mke Nakonde: dereva aliyenaswa na vifungo vya shati.' Ee! 'Mwanamke wa Tunduma alishona kifungo kwa uzi mweupe. Wa Nakonde akashona kwa uzi mweusi. Dereva mwenyewe hakuwahi kuangalia shati lake. Aliyegundua ni mama muuza wali, alipokuwa anampakulia...'"

"Acha."

"Ngoja, ndiyo panakolea..."

"Zakia, acha. Huyo mama muuza wali ni mimi."

Nikakaa kwenye ndoo ya Rozi. Yule dereva wa vifungo nilimpakulia wali mwaka 1994. Alikuwa mtu mzima, wa lori refu la mafuta, wala siyo mwenyeji wa huku. Kefa mwaka huo alikuwa hajaota hata meno ya utu uzima. Kisa hicho nilikuwa sijamsimulia mtu mwingine zaidi ya Ikupa. Kumbe maneno yaliyozunguka Tunduma nzima yakarudi kunikata moyo, yalitoka mdomoni mwangu.

Nyumbani sikupiga hodi.

"Ikupa, vifungo vya shati."

Akanitazama, akapiga magoti pale pale.

"Niliandika kisa chako, mama, kama ulivyonisimulia. Kaka Aziz akakirudisha. Akasema hakina mtu, msomaji hafungui mpaka ahisi anamjua mhusika. Nikaweka Fuso. Akasema bado. Nikaweka kovu."

"Na vitunguu?"

"Na vitunguu. Nilikuwa namuwaza Kefa, ndiyo maana yalikuja haraka. Mlango na watoto nilibuni tu. Jina sikuweka."

"Jina la nini, na sura yote umeianika! Sasa niambie, wewe uliyetunga uongo kwa mkono wako, uliuaminije?"

"Niliyoyatunga niliyajua. Lakini watu wakaanza kusema wamemwona huyo mke. Wengi, mama. Nikasema labda nimetunga kitu ambacho kilikuwepo."

Sikujua nimchape au nimkumbatie. Nilimshika tu mkono. Nami si niliamini? Nilirudisha barua kwa kisa changu mwenyewe.

Akampigia Aziz, simu akaiweka spika nisikie.

"Kaka Aziz, naomba uifute ile habari ya dereva."

"Ile? Ikupa, ile ndiyo imetupandisha! Elfu kumi na moja wamefungua!"

"Yule ni mchumba wangu."

Akasema, "Kweli? Mbona hiyo nayo ni habari! Huwezi kuandika sehemu ya pili?"

Nikamnyang'anya Ikupa simu.

"Mwanangu Aziz, mama yako yupo?"

"Yupo, mama. Shikamoo."

"Ana kovu? Chakula gani hali? Nataka nimtungie makala."

Habari ikafutwa siku ile ile. Lakini blogu nyingine mbili zilishainakili, na moja ilikuwa imeihamishia Kasumulu, mpaka wa Malawi.

Kefa alikuja Jumamosi iliyofuata mchana, Mzee Anania ndiye aliyemshawishi. Akakaa juu ya gunia la maharage, kiti alikikataa. Ikupa akamweleza yote, hakuficha hata vitunguu. Zakia naye alikuwepo, sijui nani alimwalika.

"Kwa hiyo huyo mke umenioza wewe," Kefa akasema.

"Nisamehe, Kefa."

"Kwenye mzani wa magari wananiita Bwana Mipaka Miwili. Mama yangu kule Chitete amegoma kula, anaomba nimlete mjukuu wa Nakonde amwone kabla hajafa."

"Wajukuu wawili," Zakia akasahihisha.

"Zakia!" nikasema.

Kefa alitaka kucheka, akajizuia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kutunga siyo kulikoniuma, Ikupa. Uliwasikiliza watu sitini na tatu usiowajua. Mimi hukunipigia hata mara moja. Nimekupigia mpaka chaji ikaisha, Galula yote inaniangalia."

"Niliogopa utakubali."

"Nikubali nini?"

"Sijui! Niliogopa tu utasema ni kweli."

Mimi nilikuwa naangalia mikono ya Kefa, inachota maharage na kuyamwaga, inachota na kuyamwaga.

"Andika ukweli," akasema mwishowe. "Jina lako juu, na langu juu. Ukimaliza, baba Anania alete tena ile sahani."

Ikupa akaandika siku hiyo hiyo: "Kefa hana mke Nakonde. Mimi mchumba wake ndiye niliyetunga." Nilimwambia anisomee mara mbili, ilikuwa makala nzuri, iliyonyooka. Aziz akaiweka. Baada ya wiki waliofungua walikuwa arobaini na mmoja, na nusu yao nadhani nilikuwa mimi kwenye simu ya Zakia.

Kefa alipoona hivyo hakugomba. Alipeleka Fuso kwa mchoraji, akaandikiwa nyuma kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: SINA MKE NAKONDE. NAOA MBOZI. Akaendesha hivyo mpaka Galula, mpaka Chitete, mpaka mpakani. Hiyo ilisomwa na kila mtu. Wengine walicheka wakampa mkono. Wengine wakauliza, kama hana, mbona anajitetea? Nami nikasikia hilo sokoni, nikabaki sijui kama rangi ile ilitusaidia au ilituongezea.

Oktoba tukafunga ndoa Mbozi Mission. Ikupa alipendeza, Kefa alipendeza, Osea alilia kuliko mimi. Mchungaji akafika pale pa kuuliza kama yupo mwenye pingamizi ajitokeze sasa. Kanisa zima likageuka kutazama mlangoni.

Nami niligeuka.

Hakuingia mtu. Lakini niligeuka, mimi niliyejua mwanzo na mwisho wake. Ndiyo maana nimeandika haya, kwa wazazi wenzangu na kwa mabinti wanaoandika mitandaoni. Ya kuepuka ni haya:

Usimsimulie kisa cha mtu mwanao anayeandika, bila kumuuliza anakipeleka wapi.

Usichukue sura ya mtu unayempenda ukamvika mtu mbaya wa hadithi, hata kama jina hukuweka.

Usiweke kichwa cha habari ambacho huwezi kukisoma mbele ya huyo anayesemwa.

Maoni ya watu chini ya makala usiyahesabu kama mashahidi. Mtu anaweza kusema alicheza kwenye harusi ambayo haikuwahi kuwepo.

Usimhoji mchumba wa mwanao kwa simu. Subiri arudi, mpe maji, mkalishe.

Usirudishe barua ya posa ukiwa na hasira, wala ukiwa umechanganyikiwa.

Usiuongezee uongo sehemu ya pili, hata wakikuomba.

Usingoje ukweli usomwe na wengi. Mwambie yule mmoja unaomhusu, mwambie mapema.