Maneno ya Binti wa Kisimani

Saa nne asubuhi, Jumamosi, spika ya duka la Sosthenes pale Mwanjelwa, Mbeya, ilikuwa imezimwa. Duka hilo linaingiza muvi kwenye flashi, na kwa kawaida spika yake huwika tangu milango inapofunguliwa. Siku hiyo Sosthenes aliizima kwa sababu wateja walikuwa wakibishana kwa sauti kubwa kuliko spika.

Ubishi ulihusu sehemu ya nne ya *Kisima cha Wafu*. Tamthilia hiyo ya kigeni ilikuwa imekoma miaka mingi, watu wakaisahau, kisha mwaka huu ikarudi na waigizaji walewale wakiwa na mvi. Mwanjelwa waliifuata kwa tafsiri ya mtu aliyejiita DJ Msitu. Sauti yake nzito ilikuwa kama inatoka ndani ya pipa, naye aliwasemea wahusika wote, wanaume kwa wanawake, na kuongeza ya kwake.

Shufaa aliingia na baibui jeusi, mtandio wa zambarau na mwavuli uliokuwa bado unachuruzika. Alikuwa mwalimu wa baiolojia, na alichofuata ni sehemu iliyofuata tu. Lakini alimkuta Tusajigwe, muuza viazi, akitangaza kwamba sehemu ya nne ilikuwa bora kuliko zote. Hilo hakuweza kuliacha lipite.

Alisema ni nusu yake tu. Pale wodini, vitanda vinapojisogeza na hakuna anayeonekana kuvisukuma, palistahili kila sifa. Kuharibika kulianza pale binti aliyekufa anapotoka kisimani na kumkuta kaka yake, yule aliyemsukuma.

"Dakika nzima anahutubia," alisema. "Kaka yangu nimekusamehe, kaka yangu nenda salama, kaka yangu msalimie mama. Yule ni mzimu au mgombea udiwani?"

Watu walicheka, isipokuwa mwanamume mmoja aliyesimama karibu na kaunta. Alivaa sweta zito la kijivu, na kwenye mishono ya viatu vyake kulikuwa na unga wa mbao. Alisema taratibu kwamba bila maneno yale mtazamaji asingejua kama binti amekuja kusamehe au kuua.

"Amemshika mkono," Shufaa alimjibu. "Amemfuta tope usoni. Ulitaka akufanyie nini tena?"

"Nilitaka nielewe, dada."

"Basi tatizo haliko kwenye sehemu ya nne, kaka."

Tusajigwe alipiga kaunta kwa kiganja na kumwambia yule mwanamume akalale, kwani ameshakaangwa na kugeuzwa upande wa pili. Mwenyewe alitabasamu. Shufaa alipotoka, alimfuata hadi barazani akajitambulisha: Matano, wa Mafinga, muuza mbao, aliyekuja Mbeya na mzigo wake. Aliomba namba ya simu ili amalizie hoja yake. Shufaa alimpa, maana naye hakuwa amemaliza.

Kila Ijumaa tafsiri mpya ilipotoka, Matano alipiga simu jioni. Alimwita hakimu, Shufaa alimwita mtu wa mbao. Walibishana kuhusu daktari aliyerudi msimu huu akiwa mnene, kuhusu jeneza lililofunguka kwa ndani, na kama mzimu unaweza kuvaa saa. Katikati ya ubishi walisimuliana mengine: Shufaa habari za wanafunzi wanaozimia wakipasua chura, Matano habari za ukungu wa Mufindi unaoficha hata ng'ombe aliyesimama mlangoni. Sehemu ya tano Shufaa aliisifu. Ya sita aliisifu zaidi. Alisema DJ Msitu hatimaye amejifunza kufunga mdomo.

Matano aliuliza ni wapi hasa palipompendeza.

"Pale mama anaposhona sanda na DJ hasemi kitu. Nilisikia uzi."

"Ulisikia uzi?"

"Nilisikia, mpenzi. Ukipita kwenye kitambaa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Wote wawili waliliona, wakaendelea na jeneza.

Walikutana Nyololo siku Shufaa alipokuwa akirudi kutoka semina ya walimu Iringa. Matano alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, wakala wali na kuku katika hoteli ya kando ya barabara kuu. Hapo alisema kwamba msimu ukiisha, atatuma washenga kwa baba mdogo wa Shufaa, aliyekuwa akiishi naye. Shufaa alimwonya kwamba mama mdogo Mwanakhamisi hutazama viatu vya mgeni kabla ya uso. Hakukataa.

Aliporudi Mbeya aliamua kumshinda Matano kabisa katika ule ubishi wa kwanza. Alimwomba Sosthenes sehemu ya nne yenyewe, isiyotafsiriwa, akaitazama mezani kwake. Binti alitoka kisimani. Alimshika kaka yake mkono, akamfuta tope. Hakusema neno. Kilichosikika ni maji yakidondoka tu. Baada ya hapo walitokea popo waliochorwa kwa kompyuta, na popo hao walikuwa wabaya kwa lugha zote mbili.

Alipiga simu.

"Matano, binti hasemi."

"Najua."

"Umejuaje?"

Nyuma yake mashine ya kupasulia mbao ilinyamaza. "Yale maneno ni yangu, Shufaa. DJ Msitu ni mimi."

Alimweleza yote. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na chumba alichokizungushia magodoro. Humo ndimo alimorekodia, kisha kompyuta ikaifanya sauti kuwa nzito. Na watafsiri wote, alisema, wanaogopa kimya. Picha ikinyamaza, mteja anadhani flashi ni mbovu, anairudisha dukani na kuomba ya DJ mwingine. Kwa hiyo kila panapokuwa kimya, mtu anapajaza.

Shufaa alisikiliza mpaka mwisho. "Hilo nimelielewa," alisema. "Hili jingine sijalielewa. Kila Ijumaa umeniuliza nimependa wapi. Nilikuwa mchumba au mteja?"

Matano alisema mwanzoni aliona aibu, na baadaye aliogopa kumpoteza.

"Washenga wasije," Shufaa alisema, akakata simu.

Hakupokea tena simu yake. Ijumaa zilipita bila ubishi, na nyumbani Mwanakhamisi alianza kumuuliza kama anaumwa. Alikuwa amekataa kwa sababu nzuri, na bado alimkosa. Sababu na kumkosa, vyote viwili vilikuwa kweli, wala kimoja hakikufuta kingine.

Alipokwenda tena Mwanjelwa, Sosthenes alimtahadharisha asichukue ya Msitu. Haiuziki, alisema. Tangu sehemu ya tano wateja wanairudisha wakidai sauti inakatika, na maduka kadhaa, hata ya Tunduma, yameshahamia kwa DJ mwingine. "Nimemwambia kwa simu arudishe maneno. Amekataa. Anasema kuna mtu mmoja Mbeya anayesikia uzi. Uzi gani, mimi sijui."

Shufaa alinunua sehemu zote zisizotafsiriwa pamoja na tafsiri za Msitu. Alizitazama sambamba, kipande kwa kipande, kama anavyolinganisha majani chini ya hadubini. Matokeo hayakuwa na utata. Kila alichokilalamikia kwenye simu, katika sehemu iliyofuata Matano alikuwa amekiacha, na alikuwa ameendelea kukiacha hata baada ya yeye kukata simu na maduka kumkimbia. Mtu anayetafuta mteja tu hafanyi biashara ya namna hiyo.

Safari hii alipiga yeye.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Una haki."

"Nimelinganisha sehemu zote. Nimeona."

Matano hakujitetea. Alimwambia mashabiki wa Iringa wamekodi ukumbi, watatazama sehemu ya mwisho Jumamosi, na kabla yake ataonyesha sehemu ya nne aliyoirekodi upya. Atasimama mbele kwa uso wake na jina lake. Shufaa alijibu kwamba atakaa nyuma.

Alikwenda na Tusajigwe, ambaye alisema hawezi kuachwa nje ya kesi aliyoianzisha yeye. Ukumbi ulijaa. Matano alisimama akiwa na koti la bluu lililombana mabegani, akasema jina lake, na kwamba DJ Msitu ndiye yeye. Alisema maneno ya binti aliyabuni mwenyewe na leo ameyaondoa. Mtu mmoja alimwambia ukweli huo pale Mwanjelwa bila kujua anamwambia nani, naye akamficha. Kosa hilo ni lake peke yake.

Taa zilizimwa. Vitanda vilijisogeza, watu wakapiga mayowe yao. Kisha binti akatoka kisimani, na spika zikawa kimya.

"Sauti," mtu alidai kutoka katikati.

"Nyamaza wewe," alisema Tusajigwe. "Huoni anamfuta tope?"

Hakuna mwingine aliyedai. Ukumbi mzima ulisikia maji yakidondoka. Kaka alipoinama mbele ya dada yake, wa kwanza kupiga makofi walikuwa wa mstari wa mbele, kisha wote wakasimama, na popo walipotokea walizomewa kwa umoja. Hata hivyo nje, baadaye, nusu ya watu walishikilia kwamba maneno yalikuwa bora.

Matano alimkuta Shufaa kwenye ngazi.

"Hakimu, hukumu yangu?"

"Popo hawana msamaha."

"Na mimi?"

"Wewe lete washenga. Waseme jina lako lote na kazi zako zote mbili. Nisije nikajua jambo lako jingine kwa kutazama muvi."

Wiki moja baadaye, Jumapili asubuhi, wazee wawili kutoka Mafinga waliketi sebuleni kwa baba mdogo wa Shufaa, wakasema jina lote na kazi zote mbili. Baba mdogo alimtuma Mwanakhamisi chumbani kumuuliza binti. Kwa desturi yao, msichana akiulizwa na kunyamaza, huhesabiwa ameridhia. Mwanakhamisi aliuliza, akainamisha kichwa, na alikuwa ameshageukia mlango kwenda kutoa jibu.

"Nimekubali," Shufaa alisema, kwa sauti iliyofika sebuleni.

Sebuleni wakaisoma Fatiha.