Mashine ya Wajawazito

Cirhuza alibeba maboksi katika ghala moja huko ughaibuni, mtaa wa Smithfield. Korona ilipompata, alilala kitandani zaidi ya wiki. Kisha akapimwa tena, na ujumbe ukaja kwenye simu: hana korona. Nyumbani kwake, mtaa wa Auburn, walimshukuru Mungu.

Lakini mguu wake wa kushoto ulivimba. Ulikuwa na joto, na ulimuuma.

"Si walikupima wakasema uko mzima?" aliuliza mkewe, Bibiane.

"Walinipima. Sasa hii tena ni nini?"

Bibiane akapasha mafuta ya mawese amkande. Jirani yao Jerusha, muuguzi kutoka Kenya, akamkuta na sufuria mkononi.

"Mama Ornella, usimkande," alisema. "Walipima korona. Mguu hawakuupima. Mguu mmoja ukivimba baada ya kulala sana, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Kipande kikienda kwenye mapafu, kinaweza kuua. Aende hospitali leo. Akikosa pumzi, piga triple zero, namba ya dharura."

Hospitalini Bibiane hakuruhusiwa kuingia, kwa sababu ya korona. Cirhuza alibaki peke yake. Daktari alimuuliza maswali, akalinganisha unene wa miguu yake, akamtoa damu. Majibu yalipokuja, Cirhuza alimpigia Jerusha simu.

"Jirani, wanasema kipimo cha damu kiko juu. Ni ndiyo ao hapana?"

"Ni labda. Kingekuwa chini, na dalili zingekuwa chache, wangekuruhusu uende nyumbani. Kikiwa juu, huenda damu imeganda, au ni korona tu imekipandisha. Ndiyo maana watakufanyia ultrasound."

"Ile ya wajawazito?"

"Ile ile."

"Basi wamenichanganya na mtu. Miye navaa kiatu, narudi nyumbani." Alikuwa ameshashika kiatu.

"Baba Ornella, weka kiatu chini. Ile mashine inaonyesha kilichomo ndani, iwe mtoto, iwe mshipa. Mshipa mzima ukibonyezwa unalala bapa. Wenye damu iliyoganda haulali."

Akaweka kiatu chini. Hakuelewa vizuri, na aliogopa. Walimpaka mafuta ya baridi, wakabonyeza mshipa. Cirhuza akatazama kioo cha mashine. Mshipa haukulala. Ndipo akaelewa.

Alipewa dawa za kuzuia damu isigande zaidi. Alizinywa kwa miezi mitatu, kama daktari alivyomwagiza. Mguu ulipungua, akarudi kazini.

Siku moja mwenzake Wilondja alivimba mguu mmoja, akatafuta wa kumkanda.

"Usikandwe. Nenda ukapimwe leo," alisema Cirhuza. "Na wakikupeleka kwa mashine ya wajawazito, viatu uviache chini."