Watazamaji Wasiokata Tiketi

Mtu wa kwanza kutoka ukumbini siku ya uzinduzi alilalamika kwamba aliyekaa mbele yake alikuwa mrefu mno. Alilalamika kwa heshima, maana aliyesimama pale mlangoni alikuwa mwongozaji wa filamu mwenyewe, mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye watu wa kazi walimwita Mzee Tena. Katika miaka thelathini ya kuongoza hakuwahi kuridhika na kipande kilichochukuliwa mara moja. "Tena," angesema, na waigizaji wangeanza upya huku wakimlaani kimoyomoyo.

"Mrefu nani?" aliuliza Mzee Tena. "Humo ndani mlikuwa tisa, na wewe ulikaa safu ya tano peke yako. Nimekuona kwa macho yangu."

"Alikuwepo, mzee wangu. Nimehama kiti mara mbili, na yeye kahama." Yule bwana alijifikicha mikono kama aliyetoka kwenye baridi. "Filamu nzuri lakini. Hongera."

Dakika kumi baadaye wakatoka mke na mume, mke kaziba pua kwa kiganja. Kuna harufu ya nywele zilizoungua, alisema, na mumewe akaitikia kwa kichwa tu, hataki maneno. Kabla saa ya kwanza haijaisha wote tisa walikuwa wameshatoka. Mzee Tena alibaki kwenye korido na hasira zake, akisikia filamu yake ikiendelea kuzungumza na viti.

Ilimuuma, na haki yake kuumwa. Miaka yote hiyo alikuwa akiwatengenezea watu vichekesho vya mama mkwe na bwana harusi aliyechelewa, na kumbi zilifurika. Hii ilikuwa ya kwake. Aliibeba miaka kumi na moja, akaiuzia kiwanja cha urithi, akagombana na kila rafiki aliyemshauri aipunguze. Ilimhusu mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee, na bado anaendelea kumfulia nguo zake kila wiki na kuzikunja. Mama yake mwenyewe alifanya hivyo kwa kaka yake mkubwa, na yeye akiwa mdogo alikuwa akimwangalia bila kujua aseme nini. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Basi yeye kacheza kwao, na kwao wamemwambia kuna mtu mrefu.

Jumamosi walikuja sita, Jumapili wanne, Jumatatu hakuja mtu. Meneja wa ukumbi, mwanamke mpole aliyezoea kutoa habari mbaya akiwa amesimama wima, alimwita ofisini.

"Mzee, mimi nakuheshimu kama baba. Ila Ijumaa naitoa."

"Unaweka nini?"

Meneja alikohoa kidogo. "Ile yako ya zamani. Ya mama mkwe. Watu mpaka leo wanaiulizia."

Mzee Tena alitoka humo bila kuaga, na huyo si mtu wa kutoaga.

Jumanne, saa tisa alasiri, alikwenda dirishani akakata tiketi ya filamu yake mwenyewe. Sheria ya ukumbi ilikuwa hiyo: bila tiketi hata moja, filamu haichezwi. Nje jua lilikuwa kali, magari yanapiga honi. Alipouvuta mlango mzito na kuuachia ujifunge nyuma yake, jambo la kwanza aliloliona ni viti. Vilikuwa vile viti vya sinema vinavyojikunja vyenyewe mtu akiinuka, na ukumbi mtupu siku zote huwa na viti vilivyokunjwa. Hivi vilikuwa vimekunjuliwa, safu zote, isipokuwa kimoja pembeni, kana kwamba amewekewa.

Akakaa. Taa zikazimika. Alijiambia kwamba ni springi, kwamba ukumbi huu ni wa zamani, na kwamba mtu mzima hatishwi na samani. Filamu ikaanza, na kwa nusu saa hakukuwa na kitu ila ile harufu, mwanzo kwa mbali kama jirani anapika vibaya, halafu karibu zaidi, halafu shingoni mwake, na pamoja na harufu ikaja baridi iliyomtambaa miguuni, na pamoja na baridi ukaja mlio ambao mwanzo aliudhani ni wa mashine, hadi alipogundua kwamba unapanda na kushuka, na kwamba unapanda pale tu mama wa kwenye filamu anapoingia na kushuka anapotoka, na kwamba hauko kwenye spika bali umezagaa ukumbi mzima, mbele na nyuma na kwenye kiti cha kulia kwake, na kwamba ni pumzi za watu wengi mno wanaojizuia. Alishika mikono ya kiti ili ainuke, na angeondoka, wallahi angeondoka, lakini hapo ndipo mama wa kwenye filamu alipolichukua shati la mwanawe kutoka kwenye kamba, akaketi nalo kitandani, akaanza kulikunja bila neno wala muziki kwa dakika moja nzima, na ukumbi wote ukalia.

Walilia pale pale alipotaka watu walie. Wengine kwa kwikwi, wengine kwa sauti nyembamba isiyotoka kwenye koo la binadamu, na kando yake kitu kikavuta kamasi. Mzee Tena aliogopa. Papo hapo alifurahi, na furaha ndiyo iliyomweka kitini mpaka mwisho.

Nyumbani alimkuta mkewe anaosha vyombo. Ndiye aliyeihariri filamu hiyo, kama alivyohariri zote, na mumewe akamsimulia yote kwa pumzi moja, akipiga meza kwa kidole. "Wanaielewa, mke wangu. Kumbe kosa si la filamu."

Mkewe alifunga bomba la maji. Aligeuka, mikono inachuruzika.

"Mmoja ninaye mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Sikio hili la kushoto. Anapumua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuhariri ile dakika ya shati. Mwaka na miezi. Daktari kalichungulia, kasema sikio zima. Nikilala upande huo, anahema haraka haraka, kama nimemlalia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mara tatu. Ukasema tumalize filamu kwanza."

Mzee Tena alikumbuka, na alikumbuka hata sauti aliyomjibia.

Kesho yake asubuhi mkewe alileta mtabibu wa mambo hayo. Alikuwa bibi mmoja, nesi mstaafu mwenye miwani na mkoba wa ngozi, na wala hakufukiza kitu. Aliuliza tu ile dakika waliipigia wapi. Kwenye nyumba iliyohamwa, walimwambia, ghorofa ya juu, miaka minne iliyopita. Mkewe akamweleza kwamba kila chumba kina ukimya wake, na fundi sauti huurekodi watu wakiwa wametulia, ili utandikwe chini ya picha. Ukimya wa dakika ya shati ulitoka humo humo.

"Niacheni nisikilize mimi," alisema bibi, akavaa hedifoni juu ya miwani.

Mkewe aliucheza ule mkanda wote, pamoja na sehemu ambazo hazikuingia kwenye filamu, na kwa ajili ya mumewe akaufungulia spika. Mwanzoni ilisikika sauti ya Mzee Tena mwenyewe, kali, ya mtu mwenye njaa na haraka: "Wote mliomo humu ndani, kimya. Asitoke mtu mpaka nimruhusu." Halafu ukimya. Halafu jenereta ikakohoa na kufa, likafuata tusi, viatu vikishuka ngazi, na mlango kubamizwa.

Bibi alivua hedifoni taratibu. "Ukawaruhusu lini?"

"Nani?"

"Uliowaamuru. Baba, nyumba ya watu haiingiwi kwa amri, huingiwa kwa hodi. Wewe umewakuta kwao, umewaambia wasitoke, ukaenda zako. Wamekutii kuliko hao waigizaji wako. Kila inapochezwa filamu yenye dakika hiyo wanafika, wanakaa, wanangoja ruhusa. Na binadamu akikaa juu ya kiti chao, lazima asikie baridi."

"Na sikio la mke wangu?"

"Kamsikiliza mmoja wao mwaka mzima. Naye kaona hapa ndipo kwake."

Dawa yake ilikuwa nyepesi kuitaja. Aende ukumbini awaombe radhi na kuwapa ruhusa. Na ile dakika ifutwe kila ilipo, kwani ndiyo mlango wao. "Usibakize nakala hata moja. Jini akiitwa mara ya pili huja na jamaa zake, na hao hawakuitwa na amri, kwa hiyo hakuna ruhusa itakayowatoa."

"Bibi," alisema Mzee Tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayebembeleza fundi cherehani, "hiyo dakika ndiyo filamu. Haiwezekani kuipunguza? Ikawa sekunde thelathini?"

Mkewe aliinuka, akaenda chumbani, akafunga mlango bila kuubamiza. Bibi alimtazama mzee juu ya miwani kwa muda mrefu, mpaka yeye akaona haya. "Sawa," alisema. "Nitafuta."

Alhamisi asubuhi waliingia ukumbini watatu, taa zote zikiwa zimewaka. Viti vilikuwa vimekunjuliwa. Mzee Tena alisimama chini ya skrini, kofia mkononi. Alikuwa ameandaa hotuba, akaisahau.

"Nisameheni," alisema. "Niliingia kwenu bila hodi, nikawafunga kwa neno, nikawasahau. Kazi imekwisha. Nendeni kwa amani, na asanteni kwa kukaa."

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha kiti kimoja cha safu ya mbele kikajikunja, pa, na cha pili, na cha tatu, na safu ikaifuata safu kuelekea nyuma, pa pa pa pa, mbao na springi vikigongana ukumbi mzima kama makofi ya watu wakarimu, na baridi ikampita Mzee Tena usoni, ikamgusa ndevu, ikatoka. Aliinamisha kichwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kupigiwa makofi kama hayo, na alilia.

Mkewe alikuwa amekaa chini kwenye zulia, kiganja sikioni. "Kimya," alisema. "Jamani, kimya kabisa."

Alasiri ile walikuja wanafunzi thelathini wa chuo, wameletwa na mwalimu wao, na filamu ikachezwa bila ile dakika. Mkewe alikuwa ameitoa vizuri, kiunganishi hakionekani. Hapakuwa na harufu wala mtu mrefu. Walikaa wote hadi mwisho, na Mzee Tena akakaa nyuma yao akitazama visogo. Mama wa kwenye filamu alilichukua shati kwenye kamba, na papo hapo ikawa asubuhi nyingine. Mvulana mmoja alikuwa anacheka na simu yake. Msichana alipiga miayo, akajiziba kwa adabu. Walipotoka walimpa mkono mmoja mmoja.

"Nzuri, mzee," alisema mmoja wao. "Inachosha kidogo, ila nzuri."

Kwa hiyo hapakuwa hata na jini wa kumlaumu. Ijumaa foleni ya mama mkwe ilifika barabarani, na vicheko vilisikika mpaka kwenye duka la dawa ng'ambo ya pili.

Jumamosi mchana mkewe alikuwa jikoni anakatakata vitunguu na kuimba. Hakuwa ameimba tangu mwaka juzi, na majirani walishaanza kumtania kwamba kapata mume mpya. Mzee Tena alimsikiliza kutoka chumba cha kazi. Alimpenda mkewe, hilo lisemwe wazi, na wimbo ule ulimfurahisha. Lakini mwonja asali haonji mara moja. Kwenye mfuko wa kamera ya zamani kulikuwa na diski moja ambayo Jumatano, walipokuwa wakifuta nakala, hakuikumbuka, au alijiambia kwamba hakuikumbuka, na sasa ilikuwa mkononi mwake, kisha ilikuwa kwenye kompyuta, na yeye alikuwa amevaa hedifoni na kujihakikishia kwamba hatacheza ila mara moja, dakika moja tu, aone kama kweli ilikuwa nzuri vile alivyoikumbuka au ni uzee unamdanganya, na kwamba bibi yule kazoea kutisha wagonjwa, na kwamba mchana kweupe, dirisha wazi, watoto wa jirani wanapiga mpira nje, hakuna lolote la kutokea kwa sababu ya mama mmoja anayekunja shati, na akabonyeza.

Jikoni wimbo ulikatika katikati ya neno.

Kochi lililokuwa nyuma yake lilibonyea, kisha kitanda cha wageni, kisha ubao wa sakafu karibu na mlango, kisha kitu kikakaa kwa uzito juu ya meza yenyewe, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani hadi machozi yakamtoka. Hakugeuka. Walikuwa wengi kuliko wa ukumbini, wengi sana, na wote walikuwa wanajizuia.

Mkewe alisimama mlangoni, kisu cha vitunguu bado mkononi. Kiganja kimoja kilikuwa kwenye sikio la kushoto. Kisu kilianguka, na kiganja cha pili kikainuka polepole kikaliziba la kulia.

"Umefanya nini, mume wangu?" alisema. "Umefanya nini?"

Mzee Tena aliinua kidole kumnyamazisha, kama alivyowainulia watu kazini miaka yote.

"Ngoja kwanza," alimwambia. "Anakunja mikono ya shati. Wanalia."