Afande Aliuliza, Wewe Hukuuliza

"Afande, na taa ya breki ya kushoto haiwaki. Tangu Jumanne."

Hakuna aliyemuuliza! Afande alikuwa ameomba leseni tu, na mkono wake ulikuwa bado umenyooka dirishani kuipokea. Mchumba wangu Katembo akamkabidhi leseni pamoja na dhambi zake zote.

"Na hiyo picha, Afande, ni ya zamani. Wakati ule sikuwa na ndevu."

"Naona, ssebo," akasema; kwa adabu ya Kiganda, bwana ni ssebo na bibi ni nnyabo.

"Na Jumatatu nilipita taa ya njano huko mjini."

Nikamkanyaga mguu. Hakuelewa. Akaniuliza kwa sauti, mbele ya afande, kwa nini namkanyaga.

Ilikuwa Jumamosi, saa saba na nusu mchana, kwenye makutano ya Wandegeya. Afande alikuwa mwanamke, jina lake kifuani limeandikwa AMONY, nguo zake nyeupe zimepigwa pasi hadi zinatisha. Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga honi. Na saa nane kamili baba yangu, Mzee Opoka, trafiki mstaafu, alikuwa anatungoja nyumbani Kalerwe. Siku hiyo ndiyo angemtazama Katembo kwa mara ya kwanza na kusema kama watu wake walete barua ya posa au wasilete. Namjua baba yangu. Akisema hapana, hakuna wa kumgeuza.

Katembo ni Mkongo wa Butembo, fundi wa cherehani. Ukimkuta kazini kwake ni mwanaume kamili, mpole, hana maneno mengi. Lakini mwonyeshe mtu mwenye sare uone. Askari wa geti la supamaketi humsalimia tu, yeye anafungua begi.

"Mnaenda wapi?" Afande aliuliza.

"Kwa baba yake, Afande. Leo atanitazama. Mi naogopa sana."

Afande alicheka, akawa anakaribia kurudisha leseni. Ndipo akachungulia kiti cha nyuma.

"Hivi viatu vya kijani ni vyako, nnyabo?"

Nikageuka. Viatu vya kike, kijani kibichi, visigino vifupi. Sijawahi kuwa na viatu vya kijani maishani mwangu. Kabla sijafungua mdomo, mwenzangu alishajibu.

"Hapana, Afande, si vyake. Ni vya Yaya Victoire. Iko kwangu tangu Jumatano. Yeye analala kwenye kitanda, mi ninalala chini."

Sasa elewa. Kampala nzima, yaya ni msichana wa kazi, yule wa kulea mtoto. Na Katembo ana chumba kimoja, kitanda kimoja, na cherehani tatu mbovu.

"Una mtoto, ssebo?" Afande aliuliza.

"Sina, Afande."

"Sasa yaya anabembeleza nani?"

Mwendesha boda aliyesimama kando yetu alicheka hadi helmeti ikamfunika macho.

"Katembo," nikasema, "Victoire ni nani?"

Aliniangalia mimi, akamwangalia Afande. Jasho likamtiririka hadi kwenye kola ya shati nililomnunulia mwenyewe.

"Hiyo siwezi kusema. Nimeahidi."

"Umeahidi! Taa ya breki umesema! Ndevu umesema! Kitanda umesema! Siku tatu una mwanamke ndani, Afande anaambiwa, mimi siambiwi?"

"Afande aliuliza," akajibu taratibu. "Wewe hukuuliza."

Jamani! Kwa hiyo kila asubuhi nilitakiwa nimpigie simu, "Umeamkaje mpenzi, kuna mwanamke kitandani kwako leo?" Ndivyo wanavyoishi wenzangu?

"Afande, mfunge huyu!"

"Nnyabo, sheria ya yaya sina. Niko na ya taa ya breki tu." Na akaanza kumwandikia karatasi ya faini.

Nikashuka, nikaubamiza mlango, nikapanda boda ya yule yule aliyekuwa anacheka. Nikamwambia akicheka tena nashuka. Akanyamaza, ila mabega yalikuwa yanamtikisika njia nzima.

Simu ikalia ujumbe.

"Lanyero rudi. Nitamuomba Victoire ruhusa ya kusema."

Nikamjibu: "Muombe na akuoe kabisa."

Dakika tano nyingine, ujumbe tena.

"Nimepita taa nyekundu nikikufuata. Nimerudi kumwambia Afande. Ananiandikia karatasi ya pili. Nitachelewa."

Nilitaka kulia, nikashindwa kujua nalia kwa lipi.

Nyumbani, mama alikuwa amepika malakwang, mboga yetu ya Kiacholi, na karanga zake nzito. Baba alikaa barazani amevaa tai, saa ameishika mkononi.

"Kijana iko wapi?"

"Hakuna kijana, Baba. Hakuna posa, hakuna harusi. Ana mwanamke ndani!"

Nikamwaga yote, toka taa ya breki hadi viatu. Baba alinisikiliza bila kupepesa macho, kama anaandika ripoti ya ajali kichwani.

"Alisema neno gani? Neno lenyewe."

"Yaya. Yaya Victoire."

"Na yeye ni mutu wa Butembo."

"Baba, unanihoji mimi? Mhoji yeye!"

Baba aligeukia jikoni.

"Mama Lanyero! Ongeza sahani moja."

"Ya nani?" mama akauliza.

"Ya mgeni."

Mgeni! Binti yake ametiwa aibu mchana kweupe, yeye anahesabu sahani. Nikamwambia hivyo hivyo, na sauti yangu haikuwa ya heshima.

"Kaa chini," baba akasema. "Mimi nimesimama barabarani miaka thelathini. Mutu muongo, ukiuliza, jibu iko tayari, safi, imepigwa pasi. Mutu muoga anamwaga yote. Lakini mutu muoga hivyo, anamwaga yote, halafu anafunga mdomo juu ya jambo moja? Hiyo jambo ni kubwa. Tungoje."

"Mimi singoji."

Lakini nilingoja. Ningeenda wapi?

Saa tisa kasoro gari likasimama getini. Katembo alishuka tai ikiwa imehamia begani, karatasi mbili za faini zikichungulia mfukoni. Mlango wa pili ukafunguka, akashuka mwanamke wa makamo, kitenge chake kimekaa vizuri, miguuni viatu vya kijani.

Nilimjua! Alhamisi alikuja kwenye duka langu la kuchapa kazi za wanafunzi, pale Wandegeya. Alikaa karibu yangu saa nzima akinitajia maneno ya barua ya posa ya ndugu yake, mimi nachapa. Alipofika kwenye jina la msichana akasema, "Weka vidoti, mwanangu. Sijamaliza kumuangalia." Na mimi, kwa huu mdomo wangu, nikamwambia, "Basi Mama, ongeza mstari mmoja: ndugu yetu hatamficha kitu. Wanaume hawa!" Alicheka, akaniambia niuchape.

"Wewe!" nikasema.

"Mi ndiye yaya," akajibu kwa tabasamu.

"Najua wewe ni yaya! Yaya wa nani?"

"Wake! Mi ni mukubwa wake. Tumbo moja, titi moja. Kwetu, dada yako mukubwa ni yaya. Hapa munasema namna gani?"

"Msichana wa kazi," mama akajibu kutoka mlangoni.

Victoire alicheka hadi akakaa kwenye ngazi.

"Miaka yangu makumi ine na sita! Musichana wa kazi!"

Nikamgeukia baba. Alikuwa amejifunika uso na ncha ya tai, mabega yanamtikisika kama ya yule wa boda.

"Baba. Ulijua?"

"Nilifanya kazi mpakani Bwera miaka sita. Wakongo wakipita, kutwa nzima yaya, yaya."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamfuata Katembo pale alipoganda karibu na gari.

"Wacha wacheke. Mimi nimeaibishwa mbele ya Wandegeya yote. Siku tatu, Katembo. Mpaka nivae nguo nyeupe za trafiki ndipo uniambie kitu?"

Victoire akainuka.

"Mulamu wangu, wifi yangu, mi ndiye nilimufunga mudomo. Nilitaka nikuone kazini, hujajipamba, hujanijua. Ukinikasirikia mimi, ni haki yako. Yeye, juu ya mambo ya polisi, usimukasirikie."

"Kwa nini nisimkasirikie?"

Akavua kicheko usoni.

"Alikuwa na miaka tisa. Barabara ya Beni, kwenye kizuizi. Mi nilikuwa msichana, na wale watu wa bunduki walikuwa wanachukua wasichana. Baba akanificha chini ya makala, makaa haya ya kupikia, kwenye gari. Wakamuuliza mutoto kwanza: nani iko chini? Hakusema neno. Wakamuuliza baba. Baba akasema ni makala tu. Halafu mi nikakohoa."

Hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Hawakunichukua, gari ingine ilifika, wakakimbilia ile. Lakini baba walimupiga juu ya uongo ule mpaka sikio moja likakufa. Mutoto anaangalia. Tangu siku ile akiona sare anasema yote, hata hajaulizwa. Jambo moja tu hajui kusema, ni mimi niko wapi."

Katembo alikuwa anaangalia viatu vyake. Hasira yangu haikuisha, msidhani. Ilihama tu. Iliwaendea watu wenye bunduki ambao sitawaona kamwe, waliomfanya mwanaume mzima atetemeke akiombwa leseni. Nilikuwa nimesema afungwe! Nilimshika mkono.

Tukaingia ndani. Victoire akampa baba bahasha kwa mikono miwili. Baba akavaa miwani, akasoma barua yangu, ile ile niliyoichapa mwenyewe, kwa sauti ya mahakamani. Alipofika kwenye mstari wa "ndugu yetu hatamficha kitu", Katembo akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Baba, nilimuficha. Siku tatu."

"Hujaulizwa," baba akasema.

Mkono ukashuka. Baba akavua miwani, akasimama katikati ya sebule, mgongo umenyooka vilevile alivyosimama njia panda miaka yote ile.

"Kijana. Nakuuliza swali moja. Jibu moja."

"Ndiyo, Afande. Baba. Samahani."

"Binti yangu unampenda?"

"Ndiyo, Baba."

Tukangoja. Tulimjua. Tulijua sasa hivi atasema anakoroma, kwamba anadaiwa mboga na jirani, kwamba aliwahi kupenda mwingine darasa la sita. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, likashuka hadi kwenye ndevu zisizo kwenye leseni. Midomo ikacheza. Mama alishika mwiko hewani. Neno la pili halikuja.

Baba akainua mkono wa kulia, kiganja wazi, akaupunga taratibu kuelekea mezani kwenye chakula.

"Pita."

Mama akapiga vigelegele. Victoire akavijibu kwa vya Kikongo, virefu zaidi, akilia. Baba akanisogezea barua na kalamu.

"Barua hii iko na vidoti. Mimi sipokei karatasi haijajazwa."

Nikashika kalamu. Kisha nikamgeukia Katembo, maana nilikuwa nimejifunza.

"Nakuuliza sasa, mbele ya mashahidi. Kuna kitu kingine sijakijua?"

Akafikiri. Kwa kweli alifikiri, hadi malakwang ikaanza kupoa.

"Iko," akasema. "Taa ya breki ya kulia pia imekufa. Hapa, kwenye kona ya mwisho."

Nikaandika jina langu juu ya vidoti, LANYERO, kwa herufi kubwa, nikiwa bado nimekasirika.